Wanda na Kiasi: Kuunda Upya Kipimo cha Nyota cha Mabaharia wa Bahari ya Hindi

Mwaka 1836, katika jarida la Jumuiya ya Kiasia ya Bengali lililochapwa Calcutta, James Prinsep alichapisha maelezo mafupi kuhusu vyombo vya upimaji vya mabaharia wa Kiarabu. Prinsep hakuwa baharia. Alikuwa mtaalamu wa kupima usafi wa madini katika kiwanda cha sarafu cha Calcutta, na mwaka uliofuata angepata sifa kubwa zaidi kwa kuyafumbua maandishi ya Brahmi ya enzi za mfalme Ashoka. Kilichomsukuma kuandika ni tafsiri ya Joseph von Hammer ya kitabu kiitwacho Muhit, ambacho Seydi Ali Reis, amiri wa manowari za Waturuki, alikitunga mwaka 1554. Kitabu hicho kimejaa vipimo vya nyota vilivyotajwa kwa "vidole", na msomaji wa Ulaya hakuwa na njia ya kujua kidole hicho kilipimwa kwa kitu gani. Prinsep akawaendea mabaharia waliokuwa bandarini akawauliza. Alichoonyeshwa kilikuwa kipande cha pembe cha umbo la mstatili, chenye ukubwa wa takriban inchi mbili kwa moja, kilichotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo tisa. Wenyewe walikiita kamal.

Chombo hicho hutumiwa hivi. Baharia hulibana fundo kwa meno, kisha huusukuma ubao mbele yake mpaka uzi ukakaza. Ukingo wa chini wa ubao huulaza juu ya mstari ambapo bahari hukutana na mbingu, na ukingo wa juu huitafuta nyota. Ukingo huo ukiigusa nyota sawasawa, fundo lililo menoni ndilo kipimo. Fundo lililo karibu na ubao huleta pembe kubwa, na lililo mbali huleta pembe ndogo. (Kiswahili kina bahati yake hapa, maana kipande cha pembe hupima pembe.) Hakuna kioo wala skrubu wala tarakimu iliyochongwa popote. Huenda ndiyo sababu wengi walioandika juu ya safari za majahazi wamekitaja kwa sentensi mbili kisha wakapita kwenda kwenye mambo yanayoonekana kuwa makubwa zaidi.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba sentensi mbili hazitoshi. Istilahi zilizokizunguka chombo hiki, ambazo baadhi yake zimo vinywani mwa Waswahili hadi leo, hazieleweki barabara mpaka chombo chenyewe kiundwe upya, kishikwe mkononi na kielekezwe angani. Msomi wa lugha amezoea kukaa na kamusi. Hapa anatakiwa akae na msumeno pia.

Kidole, pulgada, wanda

Katika maandishi ya Ahmad ibn Majid, mwalimu wa bahari kutoka Julfar aliyekamilisha kitabu chake kikubwa mnamo mwaka 1490, ubao huo hauna jina la pekee. Huitwa kwa neno la kawaida la mti au ubao, khashaba. Kipimo chake ni isba, yaani kidole, na duara nzima ya mbingu ina vidole 224. Hesabu hii si ya ovyo. Dira ya mabaharia wa Bahari ya Hindi iligawanywa sehemu 32, na 224 ni 32 mara 7; manazili ya mwezi ni 28, na 224 ni 28 mara 8. Basi kidole kimoja ni digrii moja na dakika 36 hivi, na vidole saba ni sawa kabisa na sehemu moja ya dira. Vidole vinne navyo vina jina lao, dhubban.

Wareno walikutana na mbao hizi mapema sana. João de Barros, katika historia yake iliyochapwa mwaka 1552, anasimulia kwamba Malindi, mwezi Aprili 1498, rubani aliyepewa Vasco da Gama alionyeshwa astrolabu kubwa ya mti na nyingine za madini, wala hakushangaa. Alieleza kuwa marubani wa Bahari ya Shamu walikuwa na vyombo vyao vya shaba, na kwamba yeye na mabaharia wa Khambat na Uhindi walitumia chombo kingine cha mbao tatu. Barros anamwita Malemo Caná. Sehemu ya kwanza ya jina hilo si jina hata kidogo. Ni cheo, muallim, neno lile lile ambalo kwa Kiswahili limekuwa mwalimu. Sehemu ya pili hufasiriwa kuwa ni neno la Kihindi lenye maana ya mpiga hesabu. Madai yaliyosambazwa katika karne ya 20 kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe yamekataliwa na watafiti wengi waliofuata, na Barros mwenyewe anasema wazi kuwa mtu huyo alikuwa Mgujarati.

Miaka miwili baadaye mbao hizo zilikuwa tayari ndani ya merikebu za Kireno. Tarehe 1 Mei 1500, Mestre João, tabibu na mnajimu wa msafara wa Pedro Álvares Cabral, alimwandikia mfalme wake barua kutoka pwani ya Brazili. Analalamika humo kwamba mbao za Uhindi hazitumiki ila kwa taabu kubwa mno, na kwamba tangu Lisbon hadi visiwa vya Canary wapimaji walikuwa wakihitilafiana kwa pulgada tatu au nne. Pulgada ni upana wa kidole gumba, na kwa Wareno na Wahispania ni inchi. Kwa maneno mengine, isba ilikwisha kutafsiriwa. Neno lilivuka bahari salama, lakini ujuzi wa kulitumia ukabaki nyuma.

Swali la tafsiri linamngoja pia mtu wa Kiswahili. Isba aiiteje? Wapo ambao wangeandika "digrii" ili msomaji wa leo asipate taabu, na kwa kufanya hivyo wangeufuta mfumo mzima wa hesabu. Wapo ambao wangeandika "kidole", na hilo si kosa, ila kidole ni kiungo cha mwili kabla hakijawa kipimo. Kamusi za zamani za Kiswahili, tangu wakati wa Edward Steere, zina neno linalofaa zaidi, nalo ni wanda, wingi wake nyanda: upana wa kidole kama kipimo. Wanda huishi katika ukoo mmoja na futuri, shibiri, mkono na pima. Shibiri mbili ni mkono, na mikono minne ni pima. Katika ukoo huo mna pia tofauti ya dhiraa konde, inayoishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa, na dhiraa kamili, inayofika hadi ncha ya kidole cha kati. Neno kamili hapo ni ndugu wa damu wa kamal. Katika mhadhara huu, basi, isba itaitwa wanda.

Katika karakana ya nyumbani

Aliye na jiliwa, msumeno mwembamba, tupa, keekee na kipande cha mninga uliokauka vizuri anaweza kuiunda kamal kwa jioni moja. Mwenye mashine ya kukerezea na kalipa ya kusoma sehemu ndogo za milimita atajaribiwa kuvitumia, naye hakatazwi. Lakini atagundua mapema kwamba usahihi wa mashine haumfikishi mbali. Ubao wenye urefu wa sentimeta 8 ukizidi au kupungua nusu milimita, nyota haijui. Kazi yote imo katika uzi.

Chukua ubao huo wa sentimeta 8 na upige hesabu ya umbali wa kila fundo kutoka kwenye jicho. Wanda 5 zinahitaji fundo kwenye sentimeta 56.9. Wanda 6 ni 47.4, wanda 7 ni 40.6, wanda 8 ni 35.5. Ukifika wanda 11 ni 25.7, na wanda 12 ni 23.5. Mafundo hayapangwi kwa nafasi sawa kama alama za rula. Kati ya fundo la tano na la sita mna sentimeta tisa na nusu, na kati ya la kumi na moja na la kumi na mbili mna sentimeta mbili tu na kidogo. Yeyote aliyeuona uzi wa namna hii kwenye kabati la makumbusho na kudhani kwamba mafundo yalifungwa ovyo na mtu asiyejali, aufunge wake mwenyewe aone.

Kubana huko kwa mafundo kuna gharama. Fundo la wanda 7 likikosewa kwa sentimeta moja, kosa la latitudo ni kama maili 16 za baharini. Baharia bado ataiona nchi anayoitafuta, hasa ikiwa na milima. Fundo la wanda 12 likikosewa kwa sentimeta hiyo hiyo, kosa ni kama maili 48. Mtu anayekwenda Maskati kwa kosa la namna hiyo hafiki Maskati.

Lipo na jambo la meno. Hesabu iliyotolewa hapo juu ni ya umbali kutoka kwenye jicho, lakini uzi unabanwa mdomoni, na jicho liko juu ya meno na nyuma yake kidogo. Kwa uso wa kawaida tofauti hiyo ni takriban sentimeta moja, yaani kiasi kile kile kilichotajwa sasa hivi. Aliyefunga mafundo kwa hesabu tupu atapotea kwa umbali huo kila mara, na kwa upande ule ule. Zaidi ya hayo, uzi wa pamba ulioloa si uzi uliokauka, na mshipi wa nailoni, ambao ndio fundi wa leo huushika kwanza kwa kuwa uko karibu, hunyumbuka ukivutwa. Kuupaka uzi nta husaidia. Kuuvuta kwa nguvu ile ile kila mara husaidia zaidi, na hilo hujifunza shingo na mkono, si kichwa.

Fundi akishapambana na matatizo haya ndipo anapoelewa taarifa aliyoiandika H. Congreve mwaka 1850 katika jarida moja la Madras. Congreve alieleza kwamba mabaharia wa pwani ya Koromandeli walikuwa na kamal ambazo mafundo yake hayakuhesabu vidole. Kila fundo lilikuwa bandari. Baharia aliyekuwa katika bandari anayoijua aliipima Nyota ya Kaskazini, akafunga fundo pale uzi ulipofika menoni mwake. Aliporudi kutoka safari aliitafuta nyota kwa fundo lile lile, akageuza chombo mashariki au magharibi na kuifuata latitudo hiyo hadi nyumbani. Njia hii huyamaliza matatizo yote ya meno, macho na hesabu kwa mara moja, kwa sababu makosa ya uso wa baharia yamo tayari ndani ya fundo. Kwa hiyo uzi wa mtu mmoja haumfai mwingine. Lalamiko la Mestre João kwamba wapimaji walihitilafiana kwa pulgada tatu au nne lina sababu nyingine pia, kama itakavyoonekana, lakini nusu ya sababu ni hii: walikuwa wakipima kwa nyuzi zilizofungwa kwa nyuso za watu wengine.

Mbingu iliyosogea

Ubao unaweza kuundwa upya, na uzi pia. Mbingu ya karne ya 15 haiundiki. Nyota ya Kaskazini, ambayo mabaharia waliiita Jah, leo iko chini ya digrii moja kutoka ncha ya mbingu, na kwa macho matupu inaonekana kama imetulia. Wakati wa Ibn Majid ilikuwa karibu digrii tatu na nusu kutoka kwenye ncha hiyo. Ilizunguka kila usiku, na baina ya kimo chake cha juu na cha chini palikuwa na tofauti ya digrii saba hivi, yaani zaidi ya nyanda nne. Asiyejua saa ya kupima aliweza kukosea maili mia mbili kuelekea upande wowote. Hii ndiyo nusu ya pili ya taabu ya Mestre João, na ndiyo sababu vitabu vya Ibn Majid na vya Sulayman al-Mahri vina kurasa nyingi kuhusu manazili ya mwezi. Kwa kuangalia ni manzili gani inachomoza au inafika juu, mwalimu alijua Jah iko wapi katika mzunguko wake, na ni kiasi gani aongeze juu ya kimo chake cha chini kabisa.

Matokeo yake kwa anayeunda kamal leo ni ya ajabu kidogo. Kalikut iko digrii 11 na robo kaskazini ya ikweta, yaani wanda 7 kamili. Lakini mwalimu wa mwaka 1498 aliyeipima Jah huko ikiwa chini kabisa aliiona kwenye kimo cha kama digrii 8 tu, yaani karibu wanda 5. Bandari ni moja, nyota ni moja, ubao ni mmoja, na mafundo ni mawili yaliyotengana kwa zaidi ya sentimeta 16. Msomaji anayezichukua tarakimu za maandishi ya kale na kuzigeuza moja kwa moja kuwa latitudo za ramani ya leo ataihamisha miji. Wahariri wa maandishi haya wameijua hatari hiyo kwa muda mrefu, na G. R. Tibbetts, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1971 kuhusu uongozaji vyombo wa Waarabu, aliishughulikia kwa uangalifu. Walakini kuna tofauti kati ya kuisoma hatari katika tanbihi na kuyaona mafundo mawili kwenye uzi mmoja.

Majaribio makubwa yamefanywa baharini penyewe. Tim Severin aliunda huko Sur, Oman, jahazi la kushonwa kwa kamba za nazi lililoitwa Sohar. Lilitoka Maskati Novemba 1980 na kufika Canton Julai 1981, na Severin alijaribu kamal njiani, kama alivyosimulia katika kitabu chake cha mwaka 1982. Jahazi hilo limewekwa Maskati kama kumbukumbu. Mwaka 2010 jahazi jingine la kushonwa, Jewel of Muscat, lilisafiri kutoka Oman hadi Singapore. Safari hizo mbili zilielekea mashariki, zote upande wa kaskazini wa ikweta, ambako Nyota ya Kaskazini haimtupi baharia. Pwani ya Waswahili ina habari nyingine.

Kiasi na kukisia

Kabla ya kuigeukia pwani hiyo, inafaa kulitazama neno moja. Kitendo cha kupima kimo cha nyota, katika istilahi ya Ibn Majid, ni qiyas. Kiswahili kimelichukua neno hilo kikalifanya kiasi, na kutoka kwenye shina hilo hilo kikapata kisi na kisia. Kiasi ni kadiri ya kitu. Mtu wa kiasi ni mtu asiyepita mpaka. Lakini kukisia ni kutaja kadiri bila kupima, na watumiaji wengi wa Kiswahili leo hulitumia neno hilo kwa maana iliyo karibu sana na kubahatisha. Kwa hiyo neno ambalo kwa mwalimu wa bahari lilikuwa jina la tendo lake la uangalifu kuliko yote limetoa, kwa Kiswahili, jina la tendo lisilo na kipimo.

Ni rahisi kuliona badiliko hili kama upotofu wa maana. Anayeishika kamal juu ya chombo kinachoyumba hatakuwa na haraka ya kusema hivyo. Upeo wa macho usiku hauonekani isipokuwa kuna mwezi au mwanga wa magharibi bado haujazimika. Wimbi huinua chombo na kukishusha. Nyota iko kati ya fundo la saba na la nane, na lazima mtu aamue iko karibu zaidi na lipi. Anapima mara kumi, na katika hizo kumi anachagua anayoiamini. Mabaharia waligawa wanda sehemu nane, na kila sehemu waliiita zam, lakini hakuna fundo linaloweza kuonyesha sehemu ya nane ya wanda. Hiyo hutolewa na jicho lililozoea. Katika tendo hilo kupima na kukisia havitenganiki. Pengine Waswahili waliolipokea neno walilipokea kutoka kwa watu waliokuwa wakilitenda, na si kutoka vitabuni. Hilo haliwezi kuthibitishwa kwa kamusi, lakini halipingani nazo.

Maneno mengine ya dira yalikuja kwa njia iliyo wazi zaidi. Sehemu 32 za dira ziliitwa kwa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua. Matlai, ambayo kwa Kiarabu ni mahali pa kuchomoza, kwa Kiswahili ni upande wa mashariki na upepo utokao huko. Suheli, nyota ya Canopus, ikawa jina la kusini.

Uzi wa pwani ya Waswahili

Si nadra kukutana na maelezo mepesi kwamba kamal iliyaongoza majahazi kwa Nyota ya Kaskazini hadi Zanzibar na Kilwa. Mwenye ubao mkononi hawezi kuyakubali. Malindi iko digrii tatu na ushei kusini ya ikweta, na leo Nyota ya Kaskazini haionekani huko kabisa. Mwaka 1498, hata katika kimo chake cha juu kabisa, iligusa tu upeo wa macho, ambapo ukungu wa bahari huimeza. Daftari la safari ya Vasco da Gama linashuhudia hivyo bila kukusudia: merikebu ziliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, na Jumapili iliyofuata, tarehe 29, mwandishi anaandika kuwa wameiona tena Nyota ya Kaskazini ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Kalikut waliifikia tarehe 20 Mei.

Je, mwalimu aliyeelekea kusini alifanya nini? Jibu limo katika maandishi yenyewe. Miongoni mwa tungo za Ibn Majid zilizohifadhiwa Leningrad na kuchapishwa na T. A. Shumovsky mwaka 1957, mmoja ni utenzi wa njia ya Sofala, unaoshuka pwani yote ya Afrika Mashariki. Jah inapozama, mwalimu huzigeukia Farqadan, zile nyota mbili zenye kung'aa za Dubu Mdogo. Farqadan zikishuka mno, huzigeukia nyota za Na'sh, yaani Dubu Mkubwa. Ubao ni ule ule. Kinachobadilika ni nyota, na pamoja nayo majira ya kupima, kwa kuwa nyota hizi hupimwa zinapofika kimo chao cha juu kabisa, na kila moja ina miezi yake.

Hapa ndipo karakana ya nyumbani inapoweza kutoa kitu ambacho hakimo kwenye kabati la makumbusho, yaani uzi wa Kikoromandeli uliofungwa kwa bandari za Waswahili na kwa mbingu ya leo. Nyota ifaayo ni ile ing'aayo zaidi ya Farqadan, na wakati ufaao ni katikati ya Juni, mnamo saa tatu usiku, mawingu ya kusi yakiruhusu. Kipimo kichukuliwe chomboni, mbali kidogo na nchi, kwa sababu pwani yenyewe hutazama mashariki, na upande wa kaskazini mara nyingi rasi au kisiwa huuziba upeo wa bahari. Kwa ubao wa sentimeta 8, na kwa umbali kutoka kwenye jicho, fundo la Lamu huangukia kwenye sentimeta 33, la Malindi 36, la Mombasa 38, la Unguja 47. Kwa nyanda, Lamu ni nane na nusu, Malindi karibu nane, Mombasa saba na nusu hivi, Unguja sita. Lamu, Malindi na Mombasa zimekaribiana kiasi cha kumfanya mpimaji asiye makini achukue mji mmoja akidhani ni mwingine, na huko mabaharia walikuwa na alama za nchi kavu za kuwasaidia, pamoja na bildi ya kupimia kina. Kati ya Mombasa na Unguja uzi unafunguka, na mkono hupata nafasi.

Fundo la Kilwa ni sentimeta 65 na nusu. Mtu mwenye mkono mfupi hawezi kulifikia. Itambidi achonge ubao wa pili, mdogo zaidi, na maneno ya rubani wa Malindi kuhusu mbao tatu yataacha kuwa fumbo. Kusini zaidi, kabla ya Sofala, nyota yenyewe inazama chini ya bahari, na uzi wa Farqadan hukunjwa ukarudishwa mfukoni.